Milango ya Watu wa Darini

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na habari za nyumbani, maana najua ukishaona neno "Darini" utaruka mengine yote.

Mama, dada yako, hajambo isipokuwa magoti. Akipanda ngazi anayasema kama watu wawili waliomkosea. Anauliza kwa nini hujanunua simu nyingine tangu ile ilipozama kwenye kopo la rangi. Nimemwambia wewe na mimi tuna barua zetu. Akasema barua hazikohoi, kwa hiyo hawezi kujua kama una kifua. Mimi bado niko kiwanda cha uchapaji, upande wa kukata karatasi, na msimamizi wangu bado ananiruhusu kubeba masalio yanayobaki mwishoni mwa roli la karatasi. Nayachorea, kama unavyojua.

Sasa la maana. Nimepewa tangi.

Ni lile tangi la zege la maji lililokauka zamani, nyuma ya soko. Wamelitoboa mlango, wamelipaka chokaa ndani, wamelifanya ukumbi wa maonyesho. Msimamizi wake ni mama mrefu anayevaa funguo shingoni. Alikuja chumbani kwangu kuona kazi. Hapakuwa na pa kuitandika, ikabidi nimfungulie mchoro kitandani kama muuza vitambaa, huku nikikunja na huku nikikunjua. Alipita na kidole juu ya kila kitu bila kugusa. Akauliza, "Kuku huyu mwenye madirisha ni nini?"

"Huyo ndiye basi la asubuhi," nikamwambia.

Alicheka sana. Kisha akafika karatasi ya mwisho. "Na hawa wote wanaishia wapi?"

"Bado wanatembea."

"Binti yangu, watu hawatazunguka tangi zima niwaambie bado wanatembea. Niletee mwisho kabla ya Agosti. Ukishindwa, mafundi makochi wameshaomba nafasi hiyohiyo."

Mjomba, mwisho si wangu. Unakumbuka chumba chako cha uani ulipokuwa unakaa kwetu, dari ilivyovuja ikajaa madoa, tukalala chali na wewe ukanionyesha kila doa ni nani, tukaiita nchi yao Darini? Mfalme Nusu Sikio ulimtoa kwenye doa lililo juu ya kabati. Na kanuni uliiweka wewe: mmoja anachora, anakunja, anamwachia mwenzake ukanda mwembamba tu wa pembeni, mwenzake anaendelea kutoka kwenye ule ukanda. Mimi nikaanzisha, wewe ukasema ukifika wakati wa kumaliza utamaliza wewe.

Wakati umefika. Nitumie neno moja tu, "ndiyo", nami nitakuletea karatasi.

Mpwa wako

*

3 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Miwani yangu imevunjika, nimemwomba jirani yangu kinyozi aniandikie. Yeye anajua kusoma, kuandika na kusema, hasa kusema.

(Kinyozi hapa, dada, nakusalimu. Nimeambiwa niandike kila neno kama lilivyotamkwa, kwa hiyo hilo la "hasa kusema" nimeliandika.)

Huku salama. Kazi zipo. Duka la dawa limeniomba kibao kipya, na fundi baiskeli naye anataka chake chenye gurudumu.

(Anasema niandike kazi zipo. Nimeandika.)

Nimefurahi kuhusu tangi. Wewe ulikuwa unachora hata kwenye ganda la yai, leo wamekupa ukuta. Lakini mwisho chora mwenyewe. Mambo ya Darini nimeyaacha. Mtu akifika umri fulani anabaki na vibao vyake, herufi zake na chai yake. Usinisubiri. Mwambie dada sina kifua.

Msalimie Mfalme Nusu Sikio.

Hivi, bado wamebeba milango?

(Hapa alinyamaza, dada. Nilikwenda nikamnyoa mteja ndevu, nikarudi nikamkuta amenyamaza vilevile. Nikauliza tunaendelea? Akasema bandika stempu.)

Mjomba wako

*

21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema, miwani gani, wewe uliyekuwa unasoma namba ya gari likiwa mtaa wa pili? Nimemjibu kila mtu anazeeka. Akasema azeeke yeye, si mdogo wake. Mengine ni ya kawaida: mpangaji wa juu amenunua cherehani na nyumba nzima inatetemeka, na mimi nimepata wino mweusi usiofifia.

Umekataa, nimesikia. Lakini umeuliza kuhusu milango. Asiyetaka habari haulizi.

Ndiyo, bado wameibeba. Kila mmoja mlango wa nyumba yake mgongoni, kama ulivyosema siku ile mvua ilipowachukulia kuta. Kuta zilikwenda na maji, wakaokoa milango, wakaondoka kutafuta ukuta mwingine wa kuitia. Nikuambie wamefika wapi, maana hujaona karatasi za karibuni. Wamevuka daraja lililojengwa kwa ngazi zilizolazwa, kila ngazi imeazimwa kwa mtu na mtu anadai ngazi yake. Wamepita Forodha ya Ndoto, ambako askari anapekua mito ya kulalia na kuuliza, "Hii ndoto umeiota mwenyewe au umeletewa?" Wamelala kwa Mama Mwangwi, anayekodisha sauti kwa watu wenye mapango matupu. Posta yao iko ndani ya samaki mkavu, barua zinatokea kwenye macho. Fundi wa vivuli amemshonea Mfalme kivuli chenye masikio mawili kamili, na Mfalme sasa anatembea akiangalia chini kutwa.

Wote hao wana milango migongoni na migongo inauma. Uliwatwisha wewe, uwatue wewe.

Ndani ya bomba hili la kadibodi nimekuwekea karatasi moja tupu, nzuri, nene. Nimeweka na kanda mbili: ukanda wa mwanzo kabisa wa safari, uone mkono wangu ulivyoanza, na ukanda wa mwisho nilipokwama. Nimeandika nyuma upi ni upi. Bandika ule wa mwisho uendelee.

Kaka kinyozi, asante kwa mwandiko mzuri. Msomee kwa sauti, na akijifanya hasikii rudia.

Mpwa wako

*

30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hakuna barua kutoka kwako mwezi mzima na zaidi. Mama amehamia dirishani, anamwangalia mtu wa posta kama anayemdai.

Nilijaribu mwenyewe. Niliwafikisha kwenye ukuta mkubwa, wakatia milango yao kwa mistari, mmoja baada ya mwingine. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua kadhaa kuangalia. Ilikuwa ofisi, mjomba. Nimewatembeza watu kwenye daraja la ngazi na tumbo la samaki ili niwafikishe kwenye korido ya ofisi. Nimeichana. Nikajaribu tena, wakaitupa milango mtoni. Huyo Mfalme aliniangalia kwa jicho ambalo nilimchorea mimi mwenyewe na bado nikaona aibu. Nimeichana nayo.

Wiki iliyopita nilikwenda tangini kupima, nikawakuta mafundi makochi nao wana futi yao. Mmoja ameleta kigoda, amekaa katikati, anajaribu mwangwi. "Kochi!" anasema, na tangi linamjibu kochi, kochi, kochi. Wenzake wanacheka. Yule mama wa funguo akanitazama juu ya vichwa vyao.

Kama umekasirika, niambie umekasirika. Kama umesahau Darini, niambie umesahau. Nikijua nitachora hata mwisho wa uongo. Ninachoshindwa ni kuchora huku nakusubiri.

Mpwa wako

*

17 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijakasirika na sijasahau. Bomba limeondoka leo kwa basi, atakukabidhi kondakta. Ndani kuna karatasi yako. Usiniulize lolote. Kama ni mbaya, funikia mboga.

Mwambie dada atoke dirishani.

Mjomba wako

(Dada, mimi kinyozi nimekatazwa kuongeza neno. Nimekatazwa pia kusema kwamba nimekatazwa, ila hilo limeshanitoka. Mimi si mtaalamu wa michoro. Lakini nilipoiona hiyo karatasi imekwisha nilifunga duka nikakaa chini. Wateja walidhani nina msiba.)

*

4 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo mara nyingi.

Nilifungua bomba palepale kituoni, nimepiga magoti kati ya mizigo. Mama mmoja mwenye ndoo za plastiki aliinama kuangalia akasema, "Hawa wako chumbani kwa nani?" Nikamwambia, kwetu.

Umechora chumba chako cha uani. Kitanda cha chuma kilichopinda kwa miguuni, kabati lisilofunga, ndoo ya kukingia matone. Sisi wawili tumelala chali, mimi nikiwa na soksi moja. Kidole chako kinaonyesha juu. Na kutoka kwenye doa lililo juu ya kabati wanatoka wao, wadogo kama siafu, wa kwanza akiwa Mfalme, anavuta mlango wake kupitia tundu na umekwama, na nyuma yake wanamsukuma. Mama alipoiona akasema, "Ile ndoo ilikuwa yangu, na hakuwahi kunirudishia."

Nililia, nikanawa uso, nikaanza kazi. Na hapo nikaona mambo mawili.

La kwanza, haiungani. Niliweka karatasi yako mbele ya mwisho wangu, mistari ikapishana. Nikageuza, nikahangaika, mpaka nikaona ukanda uliobandika ni ule wa mwanzo, na umeubandika upande wako wa kulia. Karatasi yako inaungana na mwanzo wa safari, kwa nyuma yake. Wametoka chumbani kwetu na wameanza kutembea. Nilikuomba mwisho, umeniletea kilichotokea kabla ya mwanzo.

La pili ni la kivuli. Ulinifundisha mwenyewe kutia kivuli kwa mistari, na mistari yako tangu nikujue huanguka kama mvua inayopulizwa kutoka kulia. Vibao vyako vyote viko hivyo, mtu akinificha jina la mchoraji nitakujua kwa mvua. Katika karatasi hii mvua inatoka kushoto. Yote, mpaka chini ya kitanda. Na pale kwenye ndoo kuna alama ya kiganja kilichoburuta wino, mahali pamoja tu, kama mtu aliyejifunza kosa hilo mara moja kisha akaamua kuanzia kulia kwenda kushoto ili mkono usifute kilichotangulia.

Mkono wa kulia hauhitaji kufanya hivyo.

Mjomba, mkono wako wa kulia uko wapi? Huna miwani iliyovunjika. Mtu asiye na miwani hachori siafu aliyebeba mlango wenye bawaba.

Mama sijamwambia. Nakupa barua moja. Nisipopata ukweli nitamwambia, naye unamjua, atapanda basi na magoti yake yote mawili.

Mpwa wako

*

20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeniweza.

Ilikuwa Desemba. Nilikuwa kwenye ngazi, naandika kibao cha duka la dawa, nimefika herufi ya pili. Brashi ikaanguka. Nikaona ajabu kwamba imeanguka, maana sikuiachia. Nilishuka ngazi mwenyewe, sijui nilishukaje. Kinyozi aliona mdomo wangu umekwenda upande akanibeba mpaka hospitali kwenye baiskeli ya fundi baiskeli. Wakasema ni kiharusi, chepesi. Mdomo umerudi. Mguu umerudi. Mkono ulikataa.

(Chepesi kwa aliyelala kitandani. Mimi niliyesukuma ile baiskeli nasema kilikuwa kizito.)

Nikajiambia fundi wa vibao bila mkono ni nani? Ni mzee mmoja anayekaa jirani na kinyozi. Dada angesikia angekuja na mifuko, angenipakia, angeniweka kwenye chumba chenu cha mbele nimenyamaza kama saa ya ukutani iliyokufa. Kwa hiyo nikasema miwani.

Karatasi yako ilipokuja niliiweka chini ya kitanda. Ikakaa huko. Siku moja nilikuwa najaribu kufunga kifungo kwa mkono wa kushoto nikamkumbuka yule Mfalme, namna alivyokuwa na sikio nusu na bado ni mfalme. Nikaitoa. Mstari wa kwanza ulikwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Nilijaza karatasi za kufungia nyembe za kinyozi, zote, mistari tu.

(Ni kweli. Nyembe zangu zinalala uchi.)

Ukanda niliubandika mwanzoni kabisa, kabla sijagusa wino, na niliubandika upande ninaoanzia, yaani kulia. Nikachukua ule uliokubali kukaa upande huo. Sikusoma nyuma. Siku karatasi ilipokwisha nikaona nimefurahi, sikuangalia kama nimekosea. Sasa nimeona. Ulinipa kazi moja, nimeikoroga. Wewe una tangi la kujaza na mimi nimekupa mlango wa kutokea. Waachie mafundi makochi, mpwa wangu, au chora ule wa kutupa milango mtoni. Usiharibu jina lako kwa ajili ya mkono wangu.

Mwambie dada wewe. Mimi nitajificha saluni.

Mjomba wako

(Naomba niongeze. Hospitali walimpa mpira wa kuminya, akaupoteza kwa makusudi. Nimemtengenezea mwingine: soksi niliyoijaza nywele za wateja, nimeishona mdomo. Anaiminya kila nikimwangalia. Anasema inanuka watu wengi. Nikamwambia minya.)

*

13 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kaa chini. Kaka kinyozi, hakikisha amekaa.

Mama nimemwambia. Alisimama. Magoti hayakulia hata kidogo, nadhani yaliogopa. Alisema maneno mengi ambayo sitayaandika kwa sababu mtu wa posta ni mtu mzima anayeheshimika. Alipomaliza akauliza, "Na amechora vile kwa mkono wa kushoto?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda akaangalia karatasi yako tena, kwa muda mrefu, akasema, "Basi hajafa." Hayo ndiyo maneno yake yote ya huruma, yatunze.

Sasa sikiliza. Niliposoma kwamba umenipa mlango wa kutokea, nilivaa viatu nikaenda tangini. Yule mama wa funguo akanifungulia. Nilisimama katikati, palepale fundi kochi alipoweka kigoda chake, nikazunguka nikitazama ukuta.

Mjomba, tangi ni duara.

Miezi yote hii nilikuwa nalipima kama ukuta mrefu: nianzie kulia kwa mlango, nizunguke, niishie kushoto kwa mlango. Mlango nilikuwa nauchukia, ulikuwa shimo katika kazi yangu. Karatasi yako ndiyo inayokaa kwenye mlango. Kwenye ubao wa mlango wenyewe. Upande wake wa kulia unaungana na mwanzo, kama ulivyobandika. Kilichobaki ni upande wake wa kushoto uungane na mwisho wangu. Kwa hiyo mara hii wewe ndiye uliyeniachia ukanda. Nimenakili pembeni mwa chumba chako, ile sehemu yenye ukingo wa paa na mvua inayotoka kushoto, nikauweka mezani, nikachora kuufuata.

Wamefika, mjomba. Wametoka kwenye msitu wa miavuli, pale nilipokwama, wamechoka, hawajaona ukuta popote, na mbele yao hakuna ukuta. Kuna paa. Paa bovu la chumba cha uani, linavuja, na chini yake kuna watu wawili wamelala chali. Mfalme Nusu Sikio anainama kwenye tundu, anasikiliza kwa lile sikio zima, anasikia wanatajwa. Halafu anashusha mlango wake mgongoni na kuulaza juu ya paa. Wa pili anaulaza wake. Wa tatu. Wote wanaezeka. Milango ya bluu, milango yenye matundu ya kuchungulia, mlango mmoja bado una namba ya nyumba. Mwisho migongo imenyooka na mvua inagonga juu ya milango kama mgeni.

Tundu moja wameliacha. Mfalme ameamuru. Bila tundu hakuna doa, na bila doa wao hawapo.

Na mvua katika karatasi hiyo ya mwisho nimeichora inatoka kushoto. Nilijifunza kuichora kwa mkono wangu wa kushoto. Ni mbaya kuliko yako.

Nilibandika zote kwa gundi ya majaribio nikamwita mama wa funguo, nikafunga mlango nyuma yake. Alianzia pale Mfalme anapovuta mlango, akaenda taratibu, akacheka kwa kuku, akacheka kwa askari wa forodha, akasimama kwenye paa, akarudi mlangoni, akapita chumba chetu, na akajikuta yuko tena kwenye daraja la ngazi.

"Ngoja," akasema. "Mwisho uko wapi?"

"Umeupita, mama."

Alishika funguo zake zote kwa mkono mmoja ili zisipige kelele, akazunguka tena. Kisha akatoka nje na nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba makochi yatangoja hadi Novemba. Baadaye mafundi walikuja kuona kilichowashinda, wakazunguka, wakashauriana, wakasema wataleta kochi moja la kuweka katikati, kwa ajili ya watakaoshikwa na kizunguzungu.

Ufunguzi ni Jumamosi ya katikati ya Agosti. Nimewakatia tikiti za basi wewe na kaka kinyozi. Usipokuja ukaniona kituoni, utamwona mama mlangoni kwako. Chagua mwenyewe ungependa kumkwepa nani.

Kwenye ukuta, kando ya mlango, nimeandika majina yetu mawili ya kazi, jinsi tulivyokuwa tunajiita: Fundi Doa na Soksi Moja.

Mpwa wako

*

2 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wangu. Ukiona unapanda kilima ujue mkono wa kushoto ndivyo unavyotembea. Barua hii imenichukua asubuhi nzima na sehemu ya mchana. Kinyozi anasoma juu ya bega langu na anataka kuongeza neno. Nimemnyima.

Tulirudi salama. Ndoo ya dada nimeirudisha kwa mkono wa kondakta, mwambie aipokee Ijumaa, nimeipaka rangi. Kibao cha duka la dawa nimekimaliza kutoka ile herufi ya pili. Herufi mbili za mwanzo zimelala kulia, zilizobaki zimelala kushoto, na katikati zinaegemeana. Mwenye duka alikitazama akashika kidevu. Nikamwambia nitakifuta bure. Akasema nikikigusa atanifukuza mtaani, kwa sababu tangu asubuhi watu wanasimama kukisoma na wakishasimama wanaingia. Sasa fundi baiskeli anataka chake kiwe hivyohivyo na nimemweleza kwamba hilo halipatikani tena, atapata cha kushoto kitupu.

Siku ile ya ufunguzi nilikaa tu nikitazama. Ulidhani nimechoka. Niliwekwa kwenye kochi katikati kama bibi harusi, watu wanazunguka ukutani, na kila mmoja akipita karibu yangu ananong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala. Nilimwona mwanamume mzima amevaa tai amepiga magoti kusoma barua zinazotoka kwenye jicho la samaki. Nilimsikia msichana akibishana na mamaye kwamba askari wa forodha anafanana na mwalimu wao. Kinyozi alizunguka mpaka akapotea. Nilimkuta amesimama mbele ya mlango wa bluu juu ya paa anasema huu ni wa saluni yake, hata nifanye nini ni wa saluni yake.

Mimi nilikuwa naangalia mstari. Kwako mstari haukosi pa kwenda. Mimi nilikupa madoa tu, mpwa wangu. Nchi umeijenga wewe.

Kisha yule mama wa funguo akafunga mlango ili mduara ukamilike. Unakumbuka. Tulikuwa ndani ya Darini, hakuna pa kuingilia wala pa kutokea. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuufungua, maana kufungua ni kumkata Mfalme katikati. Tulisimama hivyo mpaka dada, kwa sauti yake ile, akasema, "Mnapiga makofi au hampigi? Mimi nina magoti." Tangi likajibu magoti, magoti, na hapo ndipo makofi yalipolipuka, yakazunguka ukuta yakaturudia, yakazunguka tena. Wewe ulimkumbatia mama yako na uso wako ulikuwa begani kwake. Kwa hiyo kuna jambo hukuliona, na mimi nililificha siku ile ili nikuandikie kwa mkono wangu.

Nilikwenda mlangoni kuwafungulia. Kitasa kiko upande ule nilikochora doa la juu ya kabati. Nilikishika. Kilikuwa cha baridi, nikahisi ubaridi wake, nikajiuliza kwa nini nauhisi huko. Nikakigeuza, kikageuka, mlango ukafunguka na mwanga ukaingia juu ya wote.

Niliangalia chini kuhakikisha. Ulikuwa mkono wa kulia.

Fundi Doa